Mkono Uliokataa Kufunguka

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Matombo tu wazima. Mama yako anavuna karafuu, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unaniuliza kama niliwahi kuogopa mkono wa maiti, maana umeshindwa kuupasua huo wa darasani na sasa unataka kurudi nyumbani. Urudi kufanya nini? Kaa huko!

Nilikuwa msichana tulipomwosha bibi yangu. Kiganja kilikuwa kimefumbwa, nami kwa woga nikavivuta vidole. Shangazi akanifokea, "We mtoto, unamvuta kama kuni? Umemwamkia?"

Nikasema, "Shikamoo, bibi," huku nalia. Kisha shangazi akanionyesha namna ya kukunja kifundo cha mkono taratibu, na vidole vikalegea vyenyewe.

Kumbe kamba za vidole zinatokea huku juu, karibu na kiwiko. Si ndizo unazozitafuta kwa kisu? Mimi darasa la nne sikumaliza, na nilizijua kabla yako!

Kesho uamkie huo mkono kwanza, ndipo upasue. Nimeshawatambia wanawake wote hapa kwamba mjukuu wangu ni daktari. Usinifanye mwongo uzeeni.

Bibi yako,
Mwanahawa