Mama Sweta na Plagi Iliyochomolewa

Umetimia mwaka, mke wangu, tangu tukulaze mchangani. Wengine wanahesabu kuanzia hapo. Mimi naanzia nyuma zaidi, Jumatano ya tarehe kumi na nne mwezi wa tano, siku walipofungua jengo jipya kazini kwenu, wakachomoa plagi ya friza yako ili wachomeke spika za mgeni rasmi.

Ulikaa hemani na wenzako, ukapiga makofi. Mkuu wenu akahutubia habari ya kuithamini sayansi, kwa sauti kubwa, kwa umeme wa friza yako. Sherehe ikaisha, wakakusanya spika zao. Plagi wakaiacha sakafuni. Asubuhi ulipofungua mlango wa maabara, maji yalikuja kukupokea.

Kwa wasiokujua, wewe ndiye Mama Sweta. Jua linawaka hadi lami inanata kwenye ndala, na wewe unakatiza mtaa na sweta langu la kijivu, mikono umeikunja mara mbili. Muuza mkaa hakukuachia hata siku moja.

“Mama Sweta, leo theluji inaanguka upande gani?”

“Njoo kazini nikufungie nusu saa tu,” unamjibu bila kusimama. “Utarudi hapa ukiukumbatia huo mkaa wako, hata kuuza hutaki.”

Watu walicheka, nawe ulicheka. Hawakujua kwamba kazi yako ilikuwa ya kukaa kwenye chumba cha baridi, maana protini ukiisafishia kwenye joto inakufa mikononi. Mimi fundi makochi nimeishia darasa la nne, lakini protini naijua, kwa sababu uliniambia habari zake kila siku kama mtu anayemsema jirani. Ulikuwa unaitoa kwenye kunde za mwituni, zile ambazo fukusi, wadudu wa ghalani, hawazigusi. Ulitaka kujua kwa nini mahindi yanageuka unga ndani ya gunia na kunde zile zinabaki nzima.

Siku moja, kabla ya sherehe ile, ulinichukua maabara nikaone. Ukanionyesha kisahani cha maziwa yaliyogandishwa kama uji uliopoa. Ulidondosha maji ya tumbo la fukusi, na palipodondoka maziwa yakawa yamekatwakatwa, pakabaki duara angavu kama kioo. Pembeni ulidondosha maji yaleyale, ukachanganya na protini ya kunde zako. Hapo maziwa yakabaki meupe.

“Umeona, baba? Huyu fukusi ana mkasi tumboni. Protini yangu inaukamata mkasi, haufunguki. Anakula hashibi.”

Nikakuambia basi nitafutie na ya kuwakamata wateja wangu wanaotaka kochi leo leo. Ulicheka mpaka miwani ikakuanguka.

Ndiyo iliyoyeyuka, hiyo. Kazi yako yote tangu kitinda mimba wetu anatambaa. Uliporudi nyumbani nikakuambia, kwa ujinga wangu, si uirudishe tu kwenye baridi igande tena? Hukunikasirikia. Ulikuwa unachemsha mayai ya watoto. Ukalichota moja, ukalimenya, ukaniwekea kiganjani likiwa bado linaunguza.

“Haya, liweke kwenye friji liwe bichi.”

Kisha ukakaa kwenye kochi la mteja, ukanieleza kwa lugha ya kazi yangu: protini ni kama springi. Imejikunja kwa namna yake, na kwenye mkunjo ule ndiko kazi iliko. Ikinyooka, waya ni uleule, lakini hakuna tena wa kukukalisha. Nikaelewa. Hao wenye vyeti ukuta mzima, sijui kama waliwahi kuelewa au walijifanya.

Maana walipokuita kikaoni hawakuuliza nani amechomoa. Mkuu alisema, “Kila mtu ana wajibu wa kuilinda friza yake.” Ukamjibu mbele ya wote, “Niliilinda na umeme kukatika, Mkuu. Kuilinda na sherehe, hilo sikufundishwa.” Halafu wakabandika tangazo ubaoni kwamba sampuli zimeharibika kwa uzembe wa mtafiti. Uzembe! Wewe uliyekuwa unaamka usingizini kwa sababu umesikia friji letu la jikoni limebadilisha mlio.

Hukulia, na hukuandika barua ya kuacha kazi. Ulivaa sweta ukaanza upya. Uliponiambia jambo pekee unaloogopa ni ile plagi, nilichukua ngozi iliyobaki kwenye makochi ya mwanasheria mmoja, nikaishonea plagi koti, likaikumbatia pamoja na soketi yake, na vifungo nikavipigilia ukutani. Kwa uzi mwekundu nikatarizi USINICHOMOE. Mlinzi alipouliza ni nini, ulimwambia, “Mume wangu ameivisha. Hapa kazini kila anayefanya kazi ya maana anasikia baridi.”

Kifua kilianza kukubana. Daktari akasema utoke kwenye chumba kile, upumzike. Ukaenda kuomba likizo. Mkuu akasema ukitoka sasa, mradi anaufunga. Basi ukabaki. Nasema hivi wazi na anayetaka anishitaki: hakukunyima likizo tu, alikunyima pumzi.

Hospitalini, shoga yako wa maabara alikuja na ile picha ya mistari ya buluu. Ulinieleza zamani: mwanzo mistari inakuwa mingi kama ngazi, kila unaposafisha inapungua, na siku ukibaki mmoja, ujue umeipata protini yako peke yake. Picha ile ilikuwa na mstari mmoja. Uliushika kwa kidole kama unayempapasa mtoto mashavu.

“Plagi ina koti?” ukaniuliza.

“Ina koti na vifungo.”

“Basi.”

Hatukuongea tena. Mapafu yalikuwa yamechoka.

Juzi walikuja hapa nyumbani, Mkuu na wawili aliofuatana nao. Wakakaa kwenye kochi ambalo sijamaliza kulivisha, springi zikawakumbusha. Wanataka kukipa jina lako chumba cha mikutano, na wanaomba sweta lako walitundike kwenye kabati la kioo. Mama yako akawauliza, “Na lile tangazo la uzembe, mtalitundika kioo kipi?” Mkuu akasema, “Mama, yale yamepita.” Kitinda mimba wetu, ambaye anafanana nawe hadi ulimi, akamwambia, “Hayajapita, mzee. Yamekaa tu, yanasubiri jibu.”

Sweta hawatalipata. Nalivaa mimi, na siku za jua kali ndizo nalivaa zaidi. Muuza mkaa hanitanii. Ananisalimia tu.

Protini yako ipo kwenye friza, shoga yako anailinda, na koti la plagi halijafumuka uzi hata mmoja. Watu wanaendelea na kazi ulipoishia. Waliokuita mzembe ndio wanaosimama kuieleza kwa wageni.

Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, fundi makochi. Mama yako mzazi. Wanao wawili wakubwa na kitinda mimba wako. Dada yako mkunga. Wifi zako wote, hata yule mliyekuwa mnanuniana. Shoga yako wa maabara. Na muuza mkaa, ambaye ameomba mwenyewe atajwe.

Hatutakusahau, Mama Sweta, wala hatutawaacha wao wasahau. Mwaka ujao tutaandika tena, na unaofuata, na swali letu litakuwa lilelile, mpaka mmoja kati ya waliokuwa chumbani Jumatano ile afumbue mdomo:

Nani aliichomoa?