Mikono Niliyowapa Wagiriki

Ghala, Maskati
Alhamisi

Kwa dada yangu Mwanakhadija,

Salamu zikufikie hapo Lamu, wewe na wote mnaokaa na Mama. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, raha tu ndiyo sina. Mama vipi? Uvimbe wa mguu umepungua? Anakula? Nimeandika barua na kumpa jirani yangu anayerudi Mombasa, kwa sababu kwenye simu unaniweka kwenye spika na Mama husikia kila kitu, hata nikinyamaza anasikia.

Umeniuliza mara tatu: mkataba ukiisha narudi, au natia sahihi miaka miwili mingine? Mara zote tatu nilikujibu habari za joto. Leo nitajibu, ila univumilie, maana jibu lenyewe limepitia karakana.

Unajua kazi yetu hapa ni urembo wa plasta, maua ya dari na nguzo za majumba ya watu. Mwezi uliopita chuo kimoja kikatuletea kalibu za mpira kutoka Ugiriki. Zilitolewa juu ya mawe ya kale yaliyochongwa watu, nasi tulitakiwa kumwaga plasta ndani yake tutoe nakala, ili wanafunzi wajifunzie kuchora. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa tajiri yetu Bwana Nassor, Mwomani mwenye asili ya Unguja, anaamini mtu wa Lamu huzaliwa na mwiko mkononi. Plasta ya huku ina kiburi, dada. Usipoikoroga kwa maji ya barafu inaganda kabla hujageuka. Na wakati wa sala nawageuza wale watu watazame ukuta, wenzangu wananicheka eti nawaonea haya.

Ubao mmoja wa plasta ulinishika. Mwanamke amekaa kitini, ametulia, na mbele yake amesimama kijana mwanamume. Wamenyoosheana mikono, lakini mikono yenyewe haipo. Jiwe lilivunjika pale pale katikati, kila mkono unaishia karibu na kiwiko. Wewe unamkumbuka marehemu Baba na zidaka zake, vile vishubaka vya plasta vya ukutani. Alikuwa akisema fundi hakabidhi kazi yenye pengo, hata kama pengo alilikuta. Basi bila kuuliza mtu nikawatengenezea mikono, siku mbili nzima. Wa kijana niliuchonga kwa kutazama wangu. Wa mwanamke niliuchonga kwa kukumbuka wa Mama, hata kile kidole chake kilichopinda nikakitia, nikaufumbatisha ndani ya ule wa kijana. Nilidhani kijana anasafiri na mama yake anamuaga. Ningedhani nini kingine, mimi? Nilifurahi, sikufichi. Na siku ile ile Bwana Nassor alipoisifu kazi na kunisogezea karatasi ya mkataba, nikatia sahihi.

Ndiyo, nilitia sahihi. Usiikunje barua, soma mpaka mwisho.

Jumapili akaja mwalimu wa kile chuo, Bi Zuwena, Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake bado ni cha huko. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Akauliza mikono ile nimeitoa wapi, nikamweleza. Hakukasirika. Alisema imechongwa vizuri, lakini hakuna ajuaye ya asili ilikuwaje, na wanafunzi wake lazima wachore kilichopo, basi niiondoe. Bwana Nassor akainamia simu yake kana kwamba hanijui. Mimi nikang'ang'ana. Nikasema angalau tuwaache waagane, huyu kijana ana safari.

"Kijana hasafiri, baba," akaniambia. "Hili ni jiwe la kaburi. Aliyekufa ni huyu aliyekaa. Yeye ndiye anayeondoka, aliyesimama anabaki."

Nikachukua tindo nikaitoa mikono. Nilifanya mwenyewe, na haikuchukua hata robo saa.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa naenda wapi. Juzi nimetembea kwa miguu kutoka kazini hadi Ansab ninakolala, juani, nikaupita mlango wangu nikaendelea. Nimekwenda sokoni Matrah kumnunulia Mama kitambaa, nimerudi na betri za saa. Miaka sita najihesabu kuwa mimi ndiye niliyeondoka, na Mama yupo tu, amekaa, hana pa kwenda. Wewe ukiniambia hanyanyuki tena mwenyewe kitini, mimi nasikia kwamba ananisubiri vizuri. Nimekuwa mjinga, dada. Naogopa.

Jana niliingia kwa Bwana Nassor kumwomba ile karatasi. Alikuwa na haki ya kukataa, na nilikuwa nimejiandaa kugombana. Aliniuliza nani amefariki. Nikamwambia hajafariki mtu, ndiyo maana nataka kwenda. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mie mamangu alibaki Unguja," akasema. "Nlimzika kwa simu. Nenda."

Akaichana mbele yangu.

Nisalimie shemeji Athumani, mwambie asikwee dari ile mbovu ya nyumba ya Mama mpaka nifike niitazame mimi. Msalimie shangazi Mwanaesha anayemletea Mama uji, na mjomba Shee wa msikitini, asiache kumwombea. Binti yako Fatma mpe salamu nyingi, ila barua hii asiisome kwa sauti.

Nafika Jumamosi ya wiki ijayo, inshallah. Mama usimwambie siku, maana atajaribu kujikongoja hadi mlangoni. Na nikiingia, mshike mabega asijaribu kunyanyuka. Nitapiga magoti mimi, niufuate mkono wake pale ulipo.

Mdogo wako,
Omari