Mbona Hushiki Usukani?

S.L.P. 47,
Kanyakine, Meru.
9 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Riungu,

Pokea salamu za nyumbani, na baridi yake yote. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo mwezi huu limekataa kabisa kushirikiana nami. Ndizi zimezaa vizuri. Binti yangu Gacheri amefunga shule, yuko hapa anakula kama aliyetoka jeshini. Wewe je, hali yako? Nakuuliza kweli, si kwa desturi ya barua. Kwa hiyo usinijibu kwamba u buheri wa afya kama tulivyofundishwa darasani.

Barua hii nampa Mutugi, yule jirani anayepeleka ndizi hadi Namanga. Amenihakikishia itavuka mpaka na kufika hosteli ya kanisa pale Arusha, mlikosema mtapumzika siku mbili. Nimeibandika kwa gundi na kuifunga uzi juu yake, maana sijui siku hizi nani anafungua barua zako.

Simu nimeacha kupiga. Kila nikipiga anapokea huyo rafiki yako Gachoki wa Embu. "Mwalimu ako kwa usukani, dada. Tukisimama atakupigia." Mara sita nimeambiwa uko kwa usukani. Mara ya sita nilikusikia ukikohoa karibu kabisa na simu, na kikohozi chako nakijua tangu ukiwa na miaka miwili. Sina neno na watu wa Embu, ila mtu aliyekulia kwenye muguka, majani yao yale ya kutafuna, huwa na jibu hata kabla hajaulizwa.

Safari yenyewe naisifu. Marafiki wanne, gari moja kuukuu, kutoka huko Francistown unakofundisha, mvuke Zambia na Tanzania mpaka kwetu, mkisimama makanisani na mashuleni kuchangisha, ili zahanati moja ya hapa Nkubu ipate mashine za kupima macho. Ni jambo jema. Lakini unanijua, mtu akinipa ndizi mbivu bila kuombwa, naigeuza kwanza nione upande wa pili. Nilijiuliza, kwa nini mashine za macho? Kwa nini si za meno, au vitanda vya akina mama wanaojifungua?

Na kilichoniuma zaidi ni ule mpango wako. Unasema tarehe ishirini mtakabidhi mashine Nkubu, mle chakula cha mchana, kisha siku hiyo hiyo mgeuze gari. Nyumbani hufiki. Miaka saba hujakanyaga ua huu, halafu ufike Nkubu na urudi? Kutoka Nkubu hadi hapa, hata chai isiyofunikwa ingefika ikiwa moto.

Shaka yangu ilianza Aprili, ilipofika barua yako. Maneno yalikuwa yako, lakini mwandiko haukuwa wako. Wewe uliyekuwa ukituzwa kwa mwandiko tangu darasa la tatu, leo herufi zako zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo? Nilikosa usingizi. Nikadhani umefungwa, au umekufa na mtu anatumia jina lako kuchangisha watu. Ndiyo maana nilikuandikia nikakuuliza jina la yule ng'ombe aliyemwangusha baba mtoni. Ukajibu sawasawa, Daisi, tena ukaongeza kwamba pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Nikajua uko hai. Ila jibu lenyewe nalo lilikuwa kwa mwandiko ule ule wa upande.

Kisha zikaja picha. Gacheri ananionyesha kwenye simu yake kila jioni. Picha ya daraja la Kazungula, umeweka mkono kwenye bega la Gachoki. Picha ya Lusaka, mkono kwenye bega la yule mwenzenu Mtswana mrefu. Mbeya, bega tena. Na ile ya maporomoko makubwa ya Zambia ndiyo iliyonimaliza. Wenzako wote wanatazama maji, wewe unatabasamu vizuri kabisa ukitazama magari yaliyoegeshwa. Nani husafiri mbali kote huko akatazame magari? Tena picha zote hizo, hakuna hata moja ambayo uko kwa usukani.

"Mum, hiyo ni pozi tu," Gacheri akaniambia. "Wewe hushuku kila kitu!"

Ni kweli nashuku. Penye moshi pana moto. Juzi nikavaa viatu vyangu vya kanisani nikaenda mpaka Kanja, Embu, kumtafuta mama yake Gachoki. Nilitaka kujua kama huyo Gachoki ni mtu au ni jina tu. Mama yupo, anaitwa Ciakuthii, na ana shamba zuri la kahawa lenye palizi safi. Yeye kwa Kiembu, mimi kwa Kimeru, tulipokwama tukaokolewa na Kiswahili.

"Kumbe wewe ndio dada ya mwalimu!" akasema. "Karibu, karibu. Gachoki alichukua likizo yake yote, akasema lazima afikishe mwalimu kwao."

Nikamuuliza, "Kwani mwalimu ni mzigo, afikishwe?"

Akachukua kibuyu akaniongezea uji ambao sikuwa nimeuomba.

"Hayo utaulizana na yeye, mama Gacheri. Mimi usinigombanishe na mtoto wangu."

Basi nikanywa ule uji hadi mwisho, nikarudi nyumbani nikiwa najua.

Riungu, huoni. Au unaona kidogo tu, pale katikati, kama baba alivyokuwa akiona mwaka ule wa kwanza, akawa anaweka mkono kwenye bega langu na kusema ni mapenzi. Daktari alituambia presha ya macho hufuata ukoo, tupimwe sote. Mimi hupimwa kila mwaka. Wewe ulisema una mitihani ya kusahihisha. Sasa unataka watu wa Nkubu wote wapimwe mapema, na hilo ni jema, nimelia kwa ajili yake. Lakini ukifika unataka ujifiche nisikuone.

Najua pia kwa nini. Niliacha shule kidato cha pili niwe macho ya baba. Miaka kumi na moja nilimshika mkono, sokoni, kanisani, hata chooni. Unaogopa nikikuona nitasema, "Tena?" Nimekasirika, sitakuficha. Sikukasirikia macho yako. Nimekasirika kwa kuwa ulimwambia mtu wa Embu kabla hujaniambia mimi. Na usidhani nina mpango wa kukushika mkono. Nina umri wa miaka hamsini na nane na goti moja tu linalofanya kazi.

Unaikumbuka ile kamba ya katani? Wewe ndiye uliyeifunga, ukiwa darasa la sita, kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, ili baba ajiendee mwenyewe nami nipate walau saa moja ya kulala. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyefikiria usingizi wangu. Jana niliikuta ghalani, panya wameila. Nimenunua nyingine.

Gacheri anakusalimu, anasema mjomba umletee hela za Zambia za kuchezea. Shangazi Igoki naye anakusalimu. Bado hasikii vizuri, kwa hiyo ukija mtakuwa wawili wa kusaidiana. Mwenyezi Mungu alinde magurudumu yenu na awaongoze kila mpakani.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukimficha,

Kagwiria.

Haya ya mwisho ni ya Gachoki. Mwanangu, najua ni wewe umekata uzi na ni wewe unayemsomea. Nilikudhania mwizi, na sasa nakuomba radhi. Usiruke mstari wowote, hata ule wa muguka. Tarehe ishirini, kabla ya Nkubu, mlete hapa. Msimamishe langoni, umwekee mkono kwenye kamba, kisha wewe urudi garini usubiri. Inatoka pale langoni hadi mlangoni kwangu, na nimeshaondoa mawe. Mwache aingie mwenyewe.