Muhuri Niliokimbia Nao

Jumatatu, tarehe 4
Nimefagia nywele za saluni ya binti yangu Neema, kama kila siku. Hapa Sydenham, mtaa wa Durban, hawajui wanafagiliwa na nani. Nilikuwa meya. Mabomba ya maji, mimi. Soko la mabati, mimi. Gari yangu ikipita, watu wanasimama. Karani aliandika, mimi niliweka sahihi tu. Sahihi kubwa.

Na bado naweza. Mwezi jana nimefungisha ndoa ya Elie na Furaha. Nilivaa utepe wangu wa meya, nikawapa cheti chenye muhuri wa mji wetu, ule niliokimbia nao vita. Durban nzima hakuna anayefungisha kama mimi.

Jumanne, tarehe 5
Elie amekuja mbio. Ijumaa Furaha anaenda kuongeza karatasi yake ya ukimbizi. Ameweka cheti changu kwenye faili. Nikamwambia vizuri, iko na muhuri. Eti, "Meya, wakiuliza huyu meya ni wa wapi?"

Nikarudi kwenye ufagio.

Jumatano, tarehe 6
Neema amesoma kopi ya cheti niliyobaki nayo. Amepiga kelele mbele ya wateja. "Papa! Umeandika walifunga ndoa kule kwetu, mwezi jana! Na wako hapa miaka sita!" Mteja mmoja akacheka: "Eish, Meya aliwapeleka na ndege."

Ni kweli. Nilinakili cheti cha zamani cha karani, herufi kwa herufi. Jina la mji wetu likabaki. Wakiona, watasema Furaha ni mwongo. Watamnyima karatasi, na mimba yake ya miezi saba. Na mimi watanishika.

Neema anataka nikakitoe cheti kwenye faili. Nimekataa. Meya hafuti sahihi yake.

Alhamisi, tarehe 7
Gari ya polisi imesimama mbele ya saluni, kwenye robot, taa za barabarani. Nimejificha chooni. Mimi, niliyefukuza askari walevi sokoni kwa fimbo! Taa ilikuwa nyekundu tu. Wakaenda.

Naogopa. 

Ijumaa, tarehe 8
Taxi ya kwanza, hadi ofisi ya wakimbizi. Utepe nimeacha nyumbani. Nimemkuta Furaha kwenye foleni, karibu na mlango. Nikasema, mama, nipe hicho cheti, mimi si meya tena. Watu wamesikia. Nimekichana, vipande nikatia mfukoni. Akaingia.

Nimengoja nje juani. Kila mlinzi akigeuka, nafikiri ananifuata mimi.

Jumamosi, tarehe 9
Wamemwongezea. Habari ya ndoa hakuna aliyeuliza.

Nimefagia. Muhuri nimempa Neema, ameufungia kabatini. Elie amepita na mkate. Ameniita Papa, si Meya.

Nimeitika.