Mawaridi Mawili kwenye Benchi

Jumatano, 13 Februari 2019

Theluji tangu alfajiri. Radieta za ukumbini zinachoma mgongo, miguu inaganda – Moscow hii hii.

Nimerudi kutoka kunywa chai, nakuta mawaridi meupe kwenye benchi, mbele ya picha ya wasichana barazani. Mawili! Moyo ukanipasuka. Aliye hai hupewa moja, matatu, matano. Mawili, manne, sita ni ya makaburini. Hata mlevi wa hapa hakosei hilo.

Nelli Markovna, mhudumu mwenzangu wa ukumbi wa pili, ndiye aliyenishikia zamu. Anasema ni mwanamume, koti la kijivu, kama miaka arobaini na kitu. Kasimama kimya, kaweka maua, kaondoka. Eti ni mchumba wangu? Tukacheka. Mimi kwa kujilazimisha.

Nelli hajui. Hakuna anayejua hapa. Mmoja wa wale wasichana ni mimi. Mchoraji alikuwa jirani yetu kule kwenye nyumba ya shamba. Alitukalisha barazani kiangazi kimoja tukiwa watoto, akatuhonga vikombe vya forosadi ili tutulie. Valerian Olegovich, mwenye jumba hili la sanaa, aliinunua picha mwezi uliopita. Akijua, ataniitia waandishi wa habari na kunisimamisha chini ya picha kama kiatu kipya dukani. Nilinyamaza. Nikaomba tu nikae ukumbi wa tatu, ilipotundikwa.

Msichana wa pili ni Inna, dada yangu. Vuli ile wazazi waliachana. Baba akamchukua yeye mpaka Chita, mbali huko Siberia, mama akabaki na mimi. Barua zilikuja, kisha hazikuja. Nimemtafuta, sikumpata.

Sasa maua ya marehemu. Mimi ni mzima, nimejifinya. Kwa hiyo aliyekufa –

Siandiki.

Alhamisi, 14 Februari

Sikulala. Labda muuza maua alikosea kuhesabu? Muuza maua! Akosee hilo! Kapitolina, unajidanganya mchana kweupe.

Jumatano, 20 Februari

Niliapa sitatoka ukumbini leo, huenda akarudi. Nitamkabili. Nitamwuliza: kwa ajili ya nani? Maneno manne tu.

Lifti ikafunguka, nikaona koti la kijivu, nikamwambia Nelli nashikwa na tumbo. Nikakimbia! Mwanamke mzima mwenye wajukuu. Kutoka kwenye ngazi nilimwona mgongo tu. Bega la kushoto limeshuka. Baba alikuwa na bega kama hilo.

Niliporudi: mawili tena. Nilijua.

Nisipouliza, Inna hajafa. Ndivyo ninavyowaza, na najua ni upumbavu. Lakini ninaogopa, basi. Naogopa.

Jumapili, 24 Februari

Wanafunzi ukumbini, kelele kama kunguru. Binti mmoja mwenye nywele za kusuka akamwuliza mwalimu mbona wale wasichana hawana macho. Mwalimu akamwambia arudi nyuma. Tena. Tena kidogo. Rangi hizi ukizisogelea ni madoa tu, ukienda mbali ndipo zinakutazama. Binti akarudi nyuma mpaka akagonga kiti changu.

"Mmoja analia," akasema.

"Yupi?" Sauti yangu ilitoka kali, mtoto akashtuka.

"Wa kivulini."

Wa kivulini ni Inna. Siku zote nimeona anacheka. Jioni, watu walipoisha, nilisimama pale pale aliposimama yule binti. Sikuona machozi. Sikuona kicheko pia. Nimeingiwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Jumatano, 27 Februari

Mungu wangu, leo!

Nilijificha tena ukumbi wa pili, Nelli akakaa kwangu. Mtu akaja, akaondoka. Nikaingia: mawili. Nikakaa kwenye benchi kando ya maua – kinyume cha kanuni – nikalia kwa sauti. Nelli akaja mbio akidhani ni presha. Nikamwambia yote. Baraza, forosadi, Chita, Inna.

Akageuka mweupe kuliko yale mawaridi.

"Kapa, mpenzi, usinipige."

"Nikupige kwa nini?"

"Yalikuwa matatu."

Sikumwelewa.

"Kila mara huleta matatu. Mimi nachukua moja. Moja tu! Nani ananipa mimi maua siku hizi? Marehemu mume wangu? Nikasema moja ni la mtu aliye hai, halina mkosi, naliweka dirishani kwangu."

"Na yanayobaki? Uliyahesabu yanayobaki, mwizi wewe?"

"Sikuhesabu..."

"Umemzika dada yangu mara tatu!"

Nikamshika mabega, nikadhani nitamtikisa. Nikambusu mashavu yote mawili. Matatu! Ni ya mtu aliye hai! Mlinzi akachungulia, akatuona bibi wawili tunalia na kucheka, akaondoka zake.

Inna yu hai. Naandika tena. Inna yu hai.

Alhamisi, 28 Februari

Furaha ilidumu mpaka chai ya asubuhi. Sasa naogopa upya. Yu hai, na hajanitafuta? Au yule ni mwanawe, na anamtafutia? Nitamwambia nini Jumatano? "Habari, mimi ndiye lile doa la rangi ya pichi"? Nelli anataka nijipake rangi ya midomo. Nimemgombeza, lakini rangi nimeinunua.

Jumatano, 6 Machi

Nimekaa tangu mlango ulipofunguliwa. Sikunywa chai. Midomo myekundu kama mwigizaji.

Hakuja.

Nelli anasema labda mafua, mji mzima unakohoa. Labda. Mbona Jumatano hii, mbona hii?

Ijumaa, 8 Machi

Naandikia kwenye chumba cha makoti ya wafanyakazi, mlango nimeufunga kwa komeo.

Sikukuu ya wanawake, jumba limefurika, kila mtu ameshika maua. Valerian Olegovich ametugawia tulipu moja moja, ametubusu mikono. Sikumtarajia yule mtu. Leo si Jumatano.

Amekuja. Hajanyoa. Safari hii nilikaa kitini, sikukimbia. Akapita mbele yangu akanukia baridi ya nje. Akafungua karatasi, akayalaza kwenye benchi.

Manne.

Nikahesabu tena. Manne! Nikamtazama Nelli mlangoni kwake. Akanyanyua mikono yote miwili, viganja wazi. Hakugusa kitu.

Hapo ndipo nilipokimbia.

Labda alinunua matano na moja limevunjika njiani, umati huu. Labda la tano limebaki ndani ya karatasi. Hutokea.

Nelli anagonga. Anasema yule mtu amekaa kwenye benchi, haondoki. Ameuliza kama kuna mzee hapa anayewajua wale wasichana, eti mama yake alimwagiza amtafute mmoja wao. Alimwagiza – lini? Nelli hajamwuliza.

"Nelli, umetazama ndani ya karatasi?"

Nasikia anainama mlangoni.

"Kapa," ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. "Nikachukue moja, yabaki matatu?"