Elia, Jiwe la Marumaru Hatulitaki

Kamwene, kaka yangu Elia.

Leo ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Makambako, na kila anayepita nje naona kama ni wewe. Mtu anatokea kwenye ule weupe, koti refu, mwendo wako wa kuburuza mabuti, moyo unaruka. Akikaribia ni muuza viazi. Nikaona bora nikuandikie, maana macho yangu yameanza kunichezea.

Mama hajambo. Anakula kidogo, anasali sana. Kule Lupembe chai inachumwa kama kawaida, na lile lori ulilokuwa utingo wake limerudi barabarani. Limepakwa rangi mpya. Umesikia vizuri, rangi.

Mwenye lori alikuja nyumbani Njombe. Alivua kofia, akamshika Mama mkono, akasema anataka kukuwekea jiwe la marumaru pale kwenye kona ya mlima. Liandikwe kwamba wewe ni shujaa uliyetoa uhai wako kuiokoa familia yake. Ni kweli, gari lake dogo lilikuwa nyuma ya lori siku ile, na watoto wake walikuwa ndani. Lakini kwenye lori, juu ya majani ya chai, walikuwepo kina mama wachumaji, na hao hakuwataja. Mama alilia, akasema Mungu ambariki. Jumamosi anarudi kuchukua jibu, na Mama ananitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nabishana nawe kuhusu mashujaa kila Jumapili.

Jana baada ya ibada nilijilaza kidogo, nikakuota. Tulikuwa kwenye kile kibanda cha video karibu na stendi, ila mabenchi yalipangwa katikati ya shamba la chai, na ukungu ndio ulikuwa pazia. Sinema ni ileile uliyoipenda na kuitukana, ya tajiri mwenye kinyago. Bwawa likapata ufa juu ya mji, maskini wakiwa wamelala chini yake, naye akaruka akauziba kwa mwili wake. Kibanda kizima kikasimama, mfasiri akapaza sauti kwenye maiki mpaka ikakwama. Wewe ulibaki umekaa, unatafuna karanga. "Bwawa si la baba yake hilo? Alikuwa wapi kulitengeneza?" Siku ile ya kweli watu walituzomea, nami nikatamani ardhi inimeze. Katika ndoto hakuna aliyezomea. Chai ilikuwa inatikisika tu, polepole, bila upepo.

Unakumbuka ulivyonidai nikusomee kile kitabu changu cha shule? Ulikuwa unajilaza juu ya vitambaa vya wateja, na mabuti yako, nami nakufokea. Humo maskini wanakuja na mienge kuchoma jumba la mabwana, na yule mtumishi anabaki ndani akiwasha taa chumba baada ya chumba, ili wadhani wenyewe wapo, huku watoto wa bwana wakitoroka kwa mlango wa nyuma. Mwandishi hakumpa hata jina. Hilo ndilo lililokuudhi. Ukampa la bibi yetu aliyepika maisha yake yote katika majiko ya watu, na tangu siku hiyo ilibidi nisome "Yudita" kila palipoandikwa "mtumishi". "Akifa tajiri, mji unasimama," ulisema. "Akifa Yudita, wanatafuta mpishi mwingine."

Nilikubishia. Nilisema anayekufa amekufa, maji hayaulizi mfuko wa mtu, na yule wa kinyago naye alikuwa na roho. Ukacheka. "Hapo umenipata, mdogo wangu. Ila mimi nauliza, ufa uliachwa na nani?"

Elia, Mama Upendo alikuwa juu ya majani, amenieleza yote. Breki ulizilalamikia tangu mvua zilipoanza, ukawa unaambiwa kesho. Ndiyo maana ulichonga lile gogo la mti wa muwati, la kuwekea tairi. Lori lilipoanza kurudi nyuma uliruka chini na gogo lako. Likateleza kwenye tope. Ukaliweka tena, ukalisukuma kwa bega mpaka tairi likashika, na bega likabaki hukohuko chini ya tairi. Anasema hukutazama gari dogo hata mara moja. Ulikuwa unatazama juu, ukiwaita kina mama waruke, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Ee kaka. Nimekukasirikia sana kwa bega hilo. Nakukasirikia hata sasa, na nakupenda.

Basi lala. Jumamosi nitavaa lile gauni la bluu ulilosema linanifanya nifanane na mwalimu, nitampa mzee yule mwenye lori kiti na chai ya maziwa, kisha nitamwambia kwa heshima, mbele ya Mama, kwamba jiwe la marumaru hatulitaki. Anunue breki. Kina mama wameshakubaliana, hakuna atakayepanda juu ya majani mpaka fundi waliyemchagua wao aseme lori liko sawa.

Gogo lako liko hapa chini ya cherehani. Nimelichonga kwa ncha ya mkasi, herufi zimepinda: ELIA, UTINGO. Watoto wa yule mzee wakitaka kujua ni nani aliyewaokoa, waje walisome.

Kwaheri, kaka. Safari hii, nakuahidi, ufa utazibwa bila mwili wa mtu.

Mdogo wako,
Neema