Sufuria Iliyoota Ndevu

Jumatatu, 3 Machi

Kidato cha Pili, metali na zisizo metali. Kila mwaka yale yale. Shaba ukiigonga inakuwa bapa, salfa ukiigonga inakuwa unga. Kisha nikatoa ile chupa ya zebaki, metali iliyo majimaji bila kupashwa moto. Nusu ya darasa hawakushangaa. Hapa Migori wanaijua kutoka nyumbani, wazazi wao huosha dhahabu na kuinasa kwa zebaki. Hata chupa yenyewe nilipewa na dada yangu Akinyi, naye ni wa mgodini. Nimechoka. Mvua bado.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa Akinyi. Mikono yake inatetemeka. Chai ilimwagika mara mbili, akacheka, akasema ni uzee. Ana miaka arobaini na saba! Samaki alipokuwa motoni nikatafuta bakuli. Chini ya rafu nikakuta sufuria imeota ndevu nyeupe, kama ukungu wa mkate. Nikazipangusa, zikadondoka. Chini yake tundu.

"Sufuria za siku hizi ni feki tu, mwalimu," akasema.

Si feki. Aluminiamu hujifunika kwa ngozi nyembamba ya oksidi, ndiyo maana haiharibiki ovyo. Zebaki ikipata mkwaruzo hupenya chini ya ngozi hiyo, na aluminiamu hugeuka unga mweupe hewani. Nimelifundisha hili. Kwa hiyo anachoma zebaki ya dhahabu yake jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Nilikula samaki, nikaaga. Mimi ni mwoga.

Jumanne, 11 Machi

Siwezi kusahihisha madaftari. Nimempigia Akinyi, nimemwambia yote. Kwamba zebaki haiteketei motoni. Inapanda na moshi, anaivuta, dhahabu inabaki peke yake. Akajibu: "Nyamera, huo moshi ndio uliokusomesha." Akakata simu.

Nimekasirika. Halafu nikakumbuka siku aliyonipa chupa. Nilifurahi kama mtoto, maabara yetu haina chochote. Sikumuuliza anaichomea wapi. Miaka sita imepita na bado sijamuuliza. Mwalimu wa kemia!

Ijumaa, 14 Machi

Homa Bay, hospitali. Amekubali kuja kwa sababu jana alishindwa kutia uzi kwenye sindano. Nimeomba ruhusa kazini. Daktari alimpa kalamu aandike jina lake. Huyu ndiye aliyeniandikia jina kwenye kila daftari la shule ya msingi, na walimu walikuwa wakiusifu mwandiko. Leo herufi ya kwanza peke yake ilimaliza mstari. Alinitazama mimi, si daktari. Mkojo utapelekwa kupimwa mbali. Tungoje.

Jumatano, 19 Machi

Bado. Nimemgombeza mwanafunzi bure.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu yamekuja. Zebaki, nyingi. Daktari anasema akiacha kabisa, mikono huenda ikatulia kiasi. Huenda. Kiasi. Nayachukia maneno hayo.

Akinyi ameacha kuchoma. Atauza chumvi na sabuni pale sokoni. Sufuria zake zote tumezifunga kwenye gunia, na hatujui pa kulipeleka. Chupa yangu nayo nimeifungia kabatini. Zebaki ni elementi. Haiozi, na ukiichoma haitoweki. Darasani huwa nalisema hili haraka haraka, kengele ikikaribia.

Jumamosi, 29 Machi

Sabato. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nilifika mapema twende kanisani pamoja. Akinyi alikuwa ameketi kitandani, blauzi wazi, vifungo vimemshinda. Sijui alikuwa amejaribu kwa muda gani.

Nilipiga magoti nikavifunga kimoja kimoja kuanzia chini, vile alivyokuwa akinifunga sare kila asubuhi. Alitazama ukutani. Nilipofika cha juu akasema, "Ero kamano." Asante. Mimi ndiye niliyepaswa kulisema, miaka mingi iliyopita.

Tulikuta wimbo wa kwanza umekwisha. Tukakaa nyuma.